Kununua Rivolva ya Bei Nafuu Mombasa: Namna ya Kupima Bei na Uhakika

Mtu yeyote aliyejenga karibu na bahari, awe Nyali au Likoni, anajua kwamba bawaba za milango na vyuma vya madirisha haviishi umri ule vinaoishi Nakuru. Hewa ya chumvi huanza kula chuma kilichopakwa rangi kwa haraka, na huchelewa kukila kile kilichotengenezwa kwa uangalifu. Naanza na jambo hili kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu rivolva ya bei nafuu, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka, huanza na bei ya dukani, ilhali kwa mkaazi wa Mombasa bei hiyo ni sehemu moja tu ya gharama. Rai yangu, baada ya kununua vibaya mara moja na kununua vizuri mara moja, ni kwamba mwenye fedha kidogo hupata uhakika zaidi katika rivolva kuukuu iliyotengenezwa vizuri na kukaguliwa kwa mkono wake mwenyewe, kuliko katika rivolva mpya iliyoundwa kwa kubana kila senti. Ukaguzi wenyewe hauhitaji ufundi mkubwa; unahitaji robo saa, mwanga wa kutosha na subira ya kutokubali kuharakishwa na muuzaji.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana cheti cha silaha au yuko katika hatua za mwisho za kukipata. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti, na kazi ya kuwachunguza waombaji na kutoa vyeti ni ya Bodi ya Leseni za Silaha. Chochote kinachouzwa nje ya utaratibu huo, hata kiwe cha bei ya kutupa, hakimo katika hesabu hii. Historia yake haijulikani, hakikaguliki kwa utulivu, na mwisho wake ni mahakamani.

Hesabu kabla ya duka

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ambao si bei za soko. Rivolva moja inauzwa Sh80,000 na nyingine Sh130,000. Tofauti ya Sh50,000 inaonekana kubwa mno, kwa kuwa ni zaidi ya nusu ya bei ya ile ya kwanza. Sasa ongeza sefu ya chuma ya kuihifadhia nyumbani, tuseme Sh25,000. Ala nzuri ya kuibebea, Sh8,000. Na risasi pamoja na ada za mazoezi ya mwaka wa kwanza, Sh60,000. Gharama hizi hazipungui kwa sababu umenunua rivolva rahisi. Jumla ya kwanza inakuwa Sh173,000 na ya pili Sh223,000, na ile tofauti iliyokuwa zaidi ya nusu sasa haifiki hata theluthi moja. Kisha fikiria kwamba ile rahisi imeharibika katika mwezi wa nne.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka kabisa. Ukarabati wa silaha ni kazi ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, si ya fundi wa jua kali, hata awe hodari vipi wa kuchonga vyuma. Vipuri vya silaha navyo haviagizwi kama vipuri vya Toyota, kwani sheria huhesabu sehemu za bunduki kuwa ni bunduki, na uagizaji wake unahitaji vibali. Kwa hiyo springi ambayo katika nchi ya mtengenezaji ni kitu kidogo cha kuletwa kwa posta, hapa inaweza kukuweka miezi ukiwa na silaha isiyofanya kazi iliyofungiwa ndani ya sefu. Swali la pili la kumuuliza muuzaji, mara tu baada ya bei, ni hili: ikivunjika pini au springi, nani ataitengeneza, wapi, na vipuri vipo au havipo? Akijibu kwamba bastola hii haivunjiki, hajakujibu.

Uhakika wa rivolva unakaa wapi

Sifa ya rivolva ni kwamba haina magazini (kasha la risasi) ya kukwama wala haitegemei nguvu ya risasi moja kuingiza nyingine. Risasi ikikataa, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba rivolva yoyote ni ya kuaminika kwa maumbile yake. Si kweli. Ndani ya fremu mna mpangilio mwembamba kuliko wa bastola nyingi za magazini. Unapovuta kifyatulio, kidole kidogo cha chuma husukuma meno yaliyo nyuma ya silinda na kuizungusha. Komeo lililo chini ya silinda huinuka na kuingia katika kishimo chake, likaifunga ili chumba cha risasi kilingane sawasawa na mtutu. Wakati huo huo nyundo inarudi nyuma, kisha inaachiliwa na pini inagonga fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi. Komeo likichelewa hata kidogo, risasi hufyatuka huku chumba na mtutu havijalingana, na kichwa cha risasi hukwaruzwa kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu. Mpigaji huhisi vipande vidogo vya risasi vikiruka pembeni, na aliyesimama ubavuni mwake huvihisi zaidi.

Rivolva ya bei ya chini kwa kawaida haishindwi kwa kupasuka. Hushindwa hapa, katika mpangilio huu, kwa sababu kidole, komeo na vishimo vya silinda vimetengenezwa kwa chuma laini au havikufanyiwa kazi ya mwisho kwa mkono. Mwanzoni hufanya kazi vizuri, halafu kadiri chuma kinavyolika huanza kuchelewa, chumba kimoja kwanza na vingine baadaye.

Ukaguzi wa mkononi

Muombe muuzaji ruhusa kabla ya kugusa, elekeza mtutu mahali salama, fungua silinda na uhesabu vyumba vitupu kimoja kimoja, ukitia kidole katika kila kimoja. Fanya hivyo hata kama yeye amekwisha kufanya mbele ya macho yako. Hakuna jaribio lolote kati ya yafuatayo linalohitaji risasi ya kweli, na risasi isiwepo hata juu ya meza.

Jaribio la kwanza ni la komeo. Weka kidole gumba cha mkono mmoja juu ya silinda ili kuipa uzito mdogo sana, kama unavyozuia karatasi isipeperuke, kisha kwa mkono wa pili rudisha nyundo polepole. Komeo linapaswa kuingia katika kishimo chake, kwa mlio mdogo unaosikika, kabla au sawia na nyundo kusimama mwisho wa safari yake. Ikiwa nyundo imesimama na silinda bado inaweza kuzungushwa kidogo zaidi kwa kidole mpaka ilie, chumba hicho kinachelewa. Rudia kwa kila chumba, viwe vitano au sita, kwa kuwa rivolva nyingi huchelewa kwenye chumba kimoja tu, na muuzaji anayekuonyesha mara moja anaweza kuwa anakuonyesha kile kizuri.

La pili ni la mfungo. Vuta kifyatulio mpaka mwisho huku ukiishikilia nyundo na kuishusha taratibu, kisha ukiwa bado umekivuta, tikisa silinda kulia na kushoto. Mtikisiko mdogo ni wa kawaida katika aina nyingi. Mtikisiko unaouona bila kuutafuta si wa kawaida. Halafu, kifyatulio kikiwa kimeachiliwa, sukuma silinda mbele na nyuma. Hapo isitembee kiasi cha kuonekana kwa macho. Ikitembea, kila risasi itakayopigwa itaigonga kama nyundo ndogo, na ubovu utazidi.

La tatu ni la nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu, na hapa fundi wa magari anaweza kukusaidia bila kuigusa silaha. Mwazime fila geji yake, zile bapa nyembamba za chuma za kupimia nafasi za plagi na valvu. Nafasi ya milimita 0.10 hadi 0.20 ni nzuri. Ikizidi 0.30, gesi na moto mwingi vinatoka pembeni na nguvu ya risasi inapungua. Ikiwa ndogo sana, masizi ya risasi chache tu yanaweza kuikaza silinda isizunguke. Pima kwenye kila chumba, maana nafasi isiyo sawa huonyesha silinda au mhimili uliopinda.

La nne ni la nyundo. Ikiwa imerudishwa nyuma na kusimama, isukume mbele kwa kidole gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa kifyatulio, huku kidole kikibaki juu yake. Ikianguka, mwondokee muuzaji huyo kwa adabu, hata kama amepunguza bei kwa nusu. Silaha inayoachia bila kuamriwa haina bei.

Baada ya hayo angalia ndani ya mtutu kwa tochi ndogo. Mifereji ya mzunguko iwe na kingo zinazoonekana, na pasiwe na pete ya kivuli mahali popote. Pete hiyo ni alama ya mtutu uliovimba, yaani risasi moja dhaifu ilikwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake. Kagua mdomo wa nyuma wa mtutu, hasa upande wa chini, kutafuta ufa mwembamba kama unywele. Baadhi ya rivolva za Smith & Wesson (kampuni ya Marekani) za fremu ya wastani zinazotumia risasi za .357 Magnum, kama Model 19, zinajulikana kwa kupasuka mahali hapo zikipigwa risasi nyepesi zenye baruti kali, kwa kuwa chuma cha mdomo kimekatwa bapa upande wa chini. Kisha tazama vichwa vya skrubu. Skrubu zilizochubuka zinasema kwamba mtu asiye na bisibisi ya kufaa aliwahi kufungua, na huyo huenda alipunguza springi ili kifyatulio kiwe laini.

Usikatae haraka rivolva inayozunguka kwa ugumu. Chembe za baruti zilizonaswa chini ya nyota ya kusukumia maganda huiinua nyota hiyo kidogo na kuikaza silinda, na fimbo ya kusukumia maganda ikilegea katika nyuzi zake hufanya vivyo hivyo. Muombe muuzaji asafishe na kukaza, kisha ujaribu tena. Mara nyingine hapo ndipo penye bei nzuri, kwa kuwa wateja waliotangulia walidhani imekufa.

Chuma na bahari

Sumaku ndogo ya mlango wa kabati itakueleza mengi. Ikishika kwenye fremu, fremu ni ya chuma. Isiposhika, kwa kawaida ni aloi ya alumini au ya zinki, na hizi mbili zisichanganywe: alumini nzuri hutumiwa na watengenezaji wa kuheshimika kupunguza uzito, ilhali zinki hutumiwa kupunguza gharama. Zinki huyeyuka katika joto la takriban nyuzi 390, chini sana ya chuma, na haivumilii kugongwa mara kwa mara. Kwa rivolva ya risasi ndogo za .22 ya kuchezea shabaha, fremu ya zinki ina nafasi yake. Heritage Rough Rider ya Marekani inajulikana kwa hilo na watu wameridhika nayo. Kwa silaha ya kulinda maisha, mimi sikubali zinki, na sikubali .22 pia, kwa sababu fataki ya risasi hiyo imetandazwa ukingoni mwa ganda na hukataa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko fataki ya katikati. Na hiyo .22, aina nyingi, usiifyatue tupu dukani, kwani pini hugonga ukingo wa chumba na kuuharibu.

Kuhusu uso wa chuma, stenlesi imekuwepo katika rivolva tangu mwaka 1965, Smith & Wesson ilipotoa Model 60. Hapa Pwani ina thamani kuliko bara, lakini usiuziwe hadithi kwamba haishiki kutu. Hushika, polepole, hasa chini ya mpini na kwenye skrubu. Chuma cha samawi iliyokolea, kilichopikwa katika dawa, hushika upesi zaidi ila huonyesha mapema, jambo ambalo ni faida kwa mwenye mazoea ya kukagua. Ninayoihofia ni nikeli ya bei rahisi iliyoanza kumenyuka, kwa kuwa chumvi huingia chini ya ganda lake na kula chuma pasipo kuonekana. Ukiona malengelenge, kama yale ya rangi kwenye lango la nyumba iliyoelekea bahari, acha.

Mtego wa thelathini na nane

Waingereza waliacha silaha nyingi katika makoloni yao, na mojawapo ya rivolva walizozitumia ni Enfield No. 2 na Webley Mk IV, ambazo mtu huzielezea kwa jina moja tu: thelathini na nane, yaani za risasi za .38. Lakini .38 yao, ambayo ni ndugu wa .38 S&W, si .38 Special inayouzwa sana leo. Ganda lake ni fupi na nene zaidi. Rivolva hizo ni imara na baadhi ni nzuri kuangalia, ila risasi zake ni adimu, na adimu maana yake ni ghali. Kuna mtego mbaya zaidi: rivolva za Victory za Smith & Wesson, zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Pili kwa ajili ya Uingereza, nyingine zilitobolewa upya baada ya vita ili zipokee .38 Special. Chumba kilichotengenezwa kwa ganda nene hakibani ganda jembamba, na ganda huvimba au kupasuka. Ikiwa maganda yaliyopigwa yana tumbo, hiyo ndiyo sababu.

Victory ina jambo jingine linalowahusu wanunuzi wa silaha kuukuu kwa jumla. Mwaka 1944 baharia wa Marekani aliuawa na rivolva ya aina hiyo iliyoanguka na kufyatuka, na Smith & Wesson ikabadilisha kizuizi cha nyundo mwanzoni mwa 1945. Muulize muuzaji kama rivolva unayoiangalia ina kizuizi kinachoitenga nyundo na fataki mpaka kifyatulio kivutwe. Isiyo nacho hubebwa na chumba kitupu chini ya nyundo, na rivolva ya risasi tano ikiwa na chumba kitupu imebaki na nne.

Kwa mnunuzi wa kawaida wa Mombasa, .38 Special ndiyo kaliba (ukubwa wa risasi) ya busara. Ilitokea mwishoni mwa karne ya 19, teke lake linavumilika, na uteuzi wa rivolva zake ni mpana. Rivolva ya .357 Magnum, iliyoanza 1935, inaweza kupiga .38 Special pia, kwa kuwa tofauti kubwa ni urefu wa ganda, lakini ile ya .38 kamwe haipigi .357. Hata hivyo usinunue uwezo ambao karatasi zako hazikuruhusu kuutumia. Hakikisha silaha na risasi zote zinalingana na kilichoandikwa katika cheti, na uliza kabla ya kulipa, si baada.

Majina

Katika rivolva za bei nafuu, Taurus ya Brazil ndiyo utakayoisikia zaidi. Kampuni hiyo ilianza Porto Alegre mwaka 1939, na kuanzia 1970 hadi 1977 hisa zake nyingi zilikuwa mikononi mwa wamiliki wa Smith & Wesson, na rivolva zake zinafanana kwa ndani na za kampuni hiyo ya Marekani. Model 85 ya risasi tano na 856 ya risasi sita ni chaguo la haki, lakini ubora wake hutofautiana kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo majaribio yale manne yana umuhimu zaidi hapa kuliko mahali popote. Rossi, pia ya Brazil, ni nyepesi kwa bei. Armscor ya Ufilipino hutengeneza M200, rivolva ya .38 ya risasi sita isiyo na urembo wowote, na hilo silihesabu kuwa kasoro.

Upande wa kuukuu, Model 10 ya Smith & Wesson, ambayo asili yake ni mwaka 1899 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 6, ni rivolva ambayo karibu kila fundi wa silaha ameifungua. Ruger Security-Six, iliyotengenezwa kuanzia 1972 hadi 1988, ni nzito na ngumu kuharibu. Nyingi za rivolva hizi zilikuwa za askari au walinzi, na silaha ya askari hubebwa sana na kupigwa kidogo: nje imepauka kwa kusuguliwa na ala, ndani inafunga kama siku ilipotoka kiwandani. Hapo ndipo weka fedha zako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na rivolva iliyopauka haitembezwi na mtu. Imelala nyuma ya kabati la kioo ikingoja ulizo lako.

Epuka kununua ile ndogo kuliko zote kama rivolva ya kwanza. Ya fremu ndogo ya chuma ina uzito wa takriban nusu kilo, na za alumini hupungua zaidi. Model 10 yenye mtutu wa inchi nne inakaribia kilo moja. Wepesi hupendeza ukiibeba na huadhibu ukiipiga. Isitoshe, katika rivolva nyepesi sana teke huweza kuvuta vichwa vya risasi zilizosalia vitoke kidogo kwenye maganda yake mpaka vizuie silinda, na hapo hata kuvuta kifyatulio tena hakusaidii. Unapobana matumizi, bana kwenye mng'aro, mpini wa mbao nzuri, boksi la asili na vilengeo vya kurekebishwa. Usibane kwenye mfungo, pini na springi.

Majaribio ya risasi

Rivolva yangu ya kwanza ilikuwa mpya, ya mtengenezaji nisiyemtaja, na niliinunua kwa sababu ilikuwa na karatasi ya dhamana na harufu ya mafuta mapya. Katika risasi 30 za kwanza, tatu zilikataa, na zote tatu zilikubali zilipogongwa mara ya pili. Nikamrudia muuzaji. Akaniambia, "Bwana, hizo ni risasi mbovu." Sikubishana, nilipata ruhusa ya msimamizi wa uwanja, mwanachama mwenzangu akapiga risasi 20 za boksi lile lile kwa rivolva yake mwenyewe, na zote zikawaka. Risasi inayokataa mara mbili huenda ni mbovu. Inayokataa mara moja na kukubali mara ya pili inaishtaki springi ya nyundo au pini fupi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha zote, omba kwa maandishi muda wa majaribio katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, ukiwa na msimamizi. Wauzaji wengine watakubali na wengine watacheka. Anayecheka amekupa habari. Anza na risasi sita kwa utulivu, ukirudisha nyundo kwa mkono, kisha endelea kwa kuvuta kifyatulio moja kwa moja, kwa kuwa ndivyo nyundo inavyorudi kwa safari fupi na springi inavyojaribiwa kwa haki. Tumia aina ile ile ya risasi utakayoiweka katika silaha. Risasi ikikataa, uelekeze mtutu kwenye shabaha na usubiri nusu dakika kabla ya kufungua, na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, acha kabisa mpaka mtutu ukaguliwe. Yakusanye maganda na uyatazame: alama ya pini iwe katikati ya fataki na kina chake kifanane. Alama zilizoegemea upande mmoja katika ganda moja kati ya kila sita zinakutajia chumba kibovu. Rivolva iliyopita risasi 100 bila kukataa, bila kutema pembeni na bila kukaza silinda imefanya vya kutosha kunishawishi. 200 ni bora ikiwa mfuko na cheti vinaruhusu.

Baada ya kuileta nyumbani

Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Ngozi hunywa jasho na unyevu na kuushikiza kwenye chuma usiku kucha. Katika sefu weka vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvikaushe au uvibadilishe hasa kuanzia masika ya Aprili na Mei. Futa rivolva kwa kitambaa chenye mafuta ya silaha kila unapoigusa, maana alama ya kidole chenye jasho huota kutu ya umbo lile lile. Nimesikia watu wakisifu mafuta ya nazi. Yaacheni jikoni: huganda kukiwa na baridi na baadaye hugeuka gundi kwenye komeo. Hata mafuta yanayofaa yasiachwe ndani ya vyumba vya silinda, kwani hupenya kwenye fataki na kuiua risasi uliyoilipia, kwa hiyo vikaushe kabla ya kuijaza.

Weka daftari dogo ndani ya sefu, uandike tarehe za mazoezi, idadi ya risasi na kila iliyokataa. Andika pia siku utakayoona nukta ya kwanza ya kahawia kwenye chuma, uisugue kwa mafuta, kisha usubiri ya pili. Idadi ya siku zilizopita kati ya nukta hizo mbili ndiyo itakayokuambia, kwa nyumba yako na kwa upepo wako, upake mafuta kila baada ya muda gani, na mwenye nyumba ya Mtwapa ufukweni atapata jibu tofauti na wa Miritini.